Malkia Chini ya Meza ya Kukatia

Mume wa mdogo wangu ni mpiga dawa ya mchwa, na kwa kazi hiyo amejipa cheo cha udaktari. Si yeye aliyekianzisha, nakubali. Ni waashi wa mtaani waliomwita Dokta kwa utani, walipomwona anapita na pampu mgongoni na kitambaa puani. Lakini mtu mwenye akili hutaniwa, akacheka, akaendelea na safari yake. Huyu alicheka, akakichukua kile cheo, akakivaa. Hata leo ukimpigia simu anaitika, "Dokta hapa," na sauti ameishusha mpaka tumboni. Mimi nimesimamia usafi wa wodi za hospitali tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Madaktari nawajua kwa viatu vyao na kwa tabia zao, na sijamwona hata mmoja akitibu mwimo wa mlango.

Alituingilia nyumbani kwa njia ya kazi. Mama alimwita aje atazame mlango wa jikoni, naye akaja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio kwenye ubao kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, kisha akasema kwa upole, "Mama, hapa wapo." Kweli walikuwapo. Kazi ya nusu siku akaifanya kutwa nzima, kwa sababu mdogo wangu alikuwa barazani na cherehani yake, na kila shimo alilotoboa lilimlazimu kupita barazani kufuata kitu alichokisahau. Jioni akafagia vumbi lake mwenyewe, na mama akanaswa hapo hapo. Kwa mama, mwanamume anayefagia ni mkwe tayari, imebaki kutaja siku. Nikasema anafagia leo kwa kuwa anatazamwa. Hakuna aliyenisikiliza. Sijapata kusikilizwa katika nyumba ile, ingawa mimi ndiye kifungua mimba.

Kazi anaijua. Nalisema mara moja ili nisilirudie. Maji kidogo kwanza kwenye ndoo, ndipo dawa, ndipo maji mengine. Ukitanguliza dawa inafanya povu na kipimo kinapotea. Upepo uwe mgongoni. Udongo wa msingi unyweshwe mpaka ukatae, si kuulowesha juu juu kama mtu anayetuliza vumbi. Na ubao hupakwa vichwani kwanza, pale ulipopita msumeno, maana hapo ndipo mchwa anapopata mlango. Akimkuta mpiga dawa mwenzake anaharibu, humpokonya pampu mkononi, hata kama nyumba si yake na ugomvi si wake. Hana mpira, hana siasa, hana hadithi za kusimulia. Ana utaratibu wa kupiga dawa. Mtaa wetu na mitaa yote ya jirani aliimaliza mwenyewe, nyumba baada ya nyumba. Ungetarajia mtu wa namna hiyo awachukie wadudu mpaka kaburini.

Siku moja alikuwa akichimba mfereji kuzunguka ghala fulani ili amwage dawa, akafukua kiota cha sungusungu. Sungusungu unawajua: weusi, wanene, hutembea kwa mstari kama wanafunzi wa bweni, na mmoja akikung'ata unamtaja mama yako. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alipiga magoti. Aliwatazama mpaka mwenye ghala akaja kuuliza kama amepatwa na kizunguzungu. Kisha akamchota malkia wao na kundi la vibarua wake, akawatia ndani ya kopo tupu la siagi, akarudi nyumbani amelikumbatia.

Nilikuwa pale nimekuja kuchukua sare ya kazi ya rafiki yangu. Akaniita.

"Shemeji, njoo umwone mwenzangu wa kazi."

"Mwenzako mwenyewe yuko wapi?"

Akafungua kifuniko. Ikatoka harufu kali, na wale wadudu wakaanza kutoa sauti, kweli kabisa, sauti nyembamba ya kukwaruza, kama kijiko kinachokomba sufuria iliyoungua. Katikati yao alikuwapo mmoja mkubwa, mzito, asiye na haraka ya kwenda popote.

"Huyo ndiye malkia," akasema. "Hawa wengine wanamhudumia. Wanakula mchwa tu, shemeji. Hawagusi nyama, hawagusi sukari. Mchwa, tena awe mzima."

"Sawa. Na wewe unawataka wa nini?"

Akafikiri sana. Mtu huyu ukimuuliza saa anafikiri.

"Mimi nikiua mchwa naacha sumu kwenye udongo wa watu," akasema. "Hawa wanaingia, wanaua, wanabeba walichoua, wanaondoka. Mmoja wao akiumia wanarudi naye nyumbani. Hao ndio mafundi. Mimi nina pampu tu."

"Basi wavalishe ovaroli, wakutafutie riziki," nikamwambia. Hakucheka. Alikuwa ameshainamia kopo tena.

Wadudu wale wanataka giza na unyevu, na chumba chenye giza hakikuwapo. Walikuwa wamepanga nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha kulala, kingine cha cherehani. Dokta akaunga vipande vya kioo cha dirisha kuukuu, akatengeneza kasha, akalijaza udongo, akalisukuma chini ya meza ambayo mdogo wangu hukatia vitambaa. Na dirisha likafungwa. Mdogo wangu anashona sare za shule, bluu juu ya bluu, uzi wa bluu, kazi ambayo hata mchana kweupe inakukausha macho. Sasa akawa anashona na taa mchana, na miguu ameikunja kwenye kiti asije akamkanyaga malkia, mwenye nyumba mpya.

"Hujaolewa wewe, umeletewa mke mwenza," nikamwambia. "Tena wa miguu sita."

"Dada, ni mdudu tu. Wenzangu wanaletewa wanawake."

"Mwanamke angekusaidia hata kuosha vyombo."

Akacheka. Mdogo wangu hucheka upesi, na ndiyo maana watu humpanda kichwani. Lakini mnyonge hakuwa, na ushahidi ni kile kiwanja. Kwa miaka mingi alishona na kujinyima mpaka akapata kiwanja chake mwenyewe, dakika chache tu kwa miguu kutoka walipopanga, akapandisha kuta hadi kwenye linta, akanunua mbao za paa. Kila ubao wa paa lile ulitoka kwenye pindo la sketi ya mtoto wa mtu. Mbao zikapangwa pale kiwanjani chini ya turubai. Mwenye nyumba waliyopanga alikuwa ameshawaambia wahame, na seremala alishakubali kuja, kwa sharti moja: msingi na mbao vipigwe dawa kwanza, kwa sababu nyuma ya kiwanja kulikuwa na kichuguu kirefu kunipita mimi. Mchwa wakizipata mbao zile, hakukuwa na nyingine, wala macho ya kushonea nyingine. Hilo tulilijua sote. Na mume wake ni nani? Mpiga dawa ya mchwa. Kinyozi hajinyoi, husema watu, lakini yule anayekataa kumnyoa mkewe hawajamtungia methali.

Nieleze jinsi ilivyokuwa. Mwanzoni Dokta alikuwa akirudi na mchwa kutoka kwenye kazi zake, anawachukua kabla hajafungua pampu. Sungusungu wakala, malkia akataga, na yeye akatutangazia mayai kana kwamba ameyataga mwenyewe. Kisha siku moja akaleta mchwa kutoka kwenye ua aliokuwa ameupiga dawa zamani. Dawa ilikuwa bado imo udongoni, na mchwa huambukizana, wanalambana na kulishana, kila mmoja anampa mwenzake sumu bila kujua. Vibarua wa malkia walikula, na asubuhi nusu yao walikuwa chali. Mtu yule hakula siku ile. Mdogo wangu alinipigia simu kuniuliza afanye nini, nikamwambia apike kidogo, chakula kisiharibike.

Tangu hapo akaogopa kila mchwa wa mjini. Na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mji ule aliutia sumu mwenyewe, kwa utaratibu wake uleule wa kuunywesha udongo mpaka ukatae. Alikobaki na uhakika ni mahali pamoja tu: kile kichuguu cha kiwanja cha mkewe, ardhi ambayo haijaguswa na pampu ya mtu. Kila jioni akawa anakwenda na jembe dogo na chupa ya jemu. Mdogo wangu alidhani anakwenda kulinda mbao. Na dawa ikipigwa kwenye msingi ule, mchwa wale nao wangekuwa sumu.

Akiulizwa dawa ya nyumba, ana jibu. Leo kuna upepo. Kesho udongo umekauka mno. Keshokutwa dawa aliyonayo ni ya zamani, anasubiri mpya. Seremala akapiga simu mara moja, akapiga tena. Hatimaye mdogo wangu akasema neno kali, ambalo kwake ni jambo la kutia kumbukumbu, na Dokta akaondoka asubuhi na pampu mgongoni. Jioni akarudi akasema tayari. Mkewe akaenda kutazama, akakuta mbao zote na msingi mzima vina weupe, kama dawa inavyokuwa ikichanganywa na maji. Weupe ule aliujua kwa miaka ya kuufua kwenye ovaroli. Akamshukuru, tena kwa mikono miwili.

Mimi sikushukuru. Siku ya pili nilikwenda kiwanjani peke yangu, jua kali, kwa sababu kazi ambayo mtu ameikwepa muda wote ule haiishi kwa siku moja. Nikakuta paka amesimama juu ya rundo la mbao. Alikuwa akilamba. Alianza na ubao wa juu, akashuka kwenye wa chini, amefumba macho, mkia umesimama kwa raha. Nikangoja afe. Hakufa. Alimaliza, akanawa uso, akaja kujisugua miguuni kwangu.

Nikainama, nikanusa ubao. Maziwa. Maziwa ya unga, yameshaanza kuchacha, nzi wamejaa. Mwanamume mzima alikoroga maziwa ndani ya ndoo, akayatia kwenye pampu, akavaa kinga ya pua ili maziwa yasimdhuru, akainyunyizia nyumba ya mkewe msingi hadi mbao. Nimeona mengi wodini. Nimeona mgonjwa akila sabuni. Hilo sikuwahi kuliona.

Sikwenda kwake, nilikwenda kwa mdogo wangu, na sisemi kwamba nilitembea polepole. Nikamkuta kwenye cherehani, nikamweleza yote, paka na nzi na harufu. Aliendelea kushona mpaka pindo likaisha. Akakata uzi. Akainama akatazama chini ya meza, kwenye lile kasha. Nikamwambia, "Limwage hapo nje, mimi nitaleta ufagio."

"Liache," akasema.

Akaingia chumba cha kulala, akatoka na pampu, na kopo la dawa ya kweli ambalo halijafunguliwa, na ndoo, akaelekea kiwanjani. Nikamfuata, maana nani angebaki.

Dokta alikuwa pale, amechuchumaa nyuma kwenye kichuguu na chupa yake ya jemu. Alipotuona alisimama. Mdogo wangu alikwenda moja kwa moja kwenye mbao. Akaweka ndoo chini, akafungua kopo, akamwaga dawa kwanza, nyingi, kwa kukisia, kisha akafungulia maji juu yake. Povu likapanda mpaka likafurika. Akalitia hivyo hivyo kwenye pampu, akaibeba mgongoni, ikampeleka upande, akaanza kupuliza mbao. Alisimama kinyume cha upepo, dawa ikawa inamrudia kwenye kitambaa cha kichwa. Alipiga katikati ya ubao, pale panapong'aa, na vichwa vyote akaviacha vikavu.

Nilimtazama mume wake. Nilitaka kuona atakavyojitetea, nilikuwa na majibu tayari. Alitazama pampu, akatazama kichuguu, akatazama tena pampu. Mkewe akaruka ubao mzima bila kuugusa, akahamia mwingine.

"Vichwa," akasema Dokta.

Mkewe akaendelea kupuliza.

"Umeacha vichwa. Na upepo unakurudishia. Vua, vua hiyo, utaumia."

Akamvua pampu mgongoni kama mtu anayempokea mtoto. Akamwaga lile povu ndani ya shimo, akalifukia, akaosha ndoo, akaanza upya: maji, dawa, maji. Akamfungia mkewe kitambaa puani, akamsogeza upande ambao upepo unatoka. Kisha akapiga. Vichwa vya mbao mara mbili kila kimoja. Msingi kwa ndani na kwa nje, anangoja udongo unywe, anarudi, anangoja tena. Msije mkaniambia ilikuwa toba, au mapenzi. Nilikuwepo. Ni kwamba hakuweza kuvumilia kuona kazi mbaya, basi. Mtu asiye na haya kwa mkewe ana haya mbele ya ubao.

Alipomaliza nyumba alikwenda nyuma. Ndoo ya mwisho ilikuwa imejaa. Akakitoboa kichuguu juu, na pembeni, kama alivyotoboa vichuguu vya watu wote, akaimwaga ndoo yote ndani, polepole, isipotee hata tone. Mchwa wa ndani ya chupa ya jemu walikuwa bado wanatembea. Hao aliwabeba nyumbani, na ndio waliokuwa chakula cha mwisho.

Baada ya hapo alijaribu kila kitu. Akawapa yai, wakalibeba na kulitupa kwenye pembe ya kasha pamoja na takataka zao, kwa nidhamu ambayo wafagizi wangu hawakuwahi kuwa nayo. Akawapa nyama, wakaitupa. Akawapa panzi, wakamzunguka wakampita. Alikwenda mbali nje ya mji akarudi na mchwa kwenye chupa, akakaa nao mapajani, na hakuthubutu kuwafungulia, kwa kuwa hakuna njia ya kujua kama mchwa ni safi ila kumlisha malkia na kungoja asubuhi. Aliwarudisha alikowatoa. Vibarua wakafa kidogo kidogo. Malkia akabaki peke yake, na hajui kujilisha, kama wafalme wote. Alipokufa, Dokta alilia mbele yangu, kwa sauti, na kamasi. Mzee mwenye mvi anamlilia sungusungu. Nikamwambia mdogo wangu afungue dirisha, na siku ile alinisikiliza.

Paa likapandishwa. Seremala aligonga mbao zile moja moja na kusema hajawahi kuletewa mbao zilizopigwa dawa vile. Wakahamia. Mdogo wangu akapata chumba cha cherehani chenye madirisha mawili, na siku ya Jumapili akatuita ndugu na majirani tuje tule, tuione nyumba. Ilikuwa nyumba nzuri, nasema kweli. Nilipita kila chumba nikitazama juu.

Chakula kilipoisha nikasimulia habari ya paka. Ningeachaje? Watu walicheka mpaka mama akashika mbavu, na Dokta mwenyewe akacheka, akitazama sahani yake. Akaja jirani aliyechelewa, wakaniomba nirudie, nikarudia, nikaongeza kinga ya pua na mkia wa paka. Dokta akacheka tena, kidogo. Walipokuja wa mwisho nilianza na kilio, na jinsi kamasi ilivyodondokea kasha, na nikamwigiza. Nina kipaji cha kuigiza. Chumba kizima kililipuka. Dokta aliinuka, akakusanya sahani za watu, akaenda nazo jikoni, na nikasikia bomba la maji limefunguliwa na halifungwi.

Mdogo wangu akanishika mkono, akanitoa mpaka nje. Nilidhani anataka kunionyesha mahali patakapojengwa choo.

"Dada," akasema, "asante kwa kuniambia habari ya maziwa. Bila wewe nisingekuwa na paa."

"Si ndiyo nakwambia siku zote, yule mtu wako..."

"Ngoja nimalize. Yeye alijua atakachopoteza, na akaipiga hii nyumba hata hivyo. Mimi nilikuwa nakosea, angeweza kuniacha nikosee. Wewe ulikuwepo, uliona, na humo ndani hukuwaambia hilo hata mara moja."

"Kilikuwa kisungusungu."

"Nenda nyumbani, dada. Siku utakayoweza kukisema kisa chote, uje."

Hakupandisha sauti. Kifungua mimba, niliyembeba mgongoni, nikafukuzwa kwenye mlango ambao bila mimi ungeliwa ungali mbichi. Nikaondoka. Salamu zao nazipata kwa mama, anasema nyumba haina hata ufa na wako wazima. Sijaenda. Kisa chote ndicho hiki nimekisema hapa, mwanzo hadi mwisho, na bado naona mwanamume yule ni wa kuchekwa.